Barua ya wazi kwa wasimamizi wa miradi ya sanaa Pemba: mikeka yetu iko wapi?

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya miradi ya sanaa za jamii hapa Pemba,
na kwa waheshimiwa wote mlioketi kwenye kamati ya mradi.

Yah: Malalamiko ya wasukaji ukili kuhusu mradi wa kuenzi urithi na kazi za mikono

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa, naandika kwa niaba ya wanawake 31 wa kaskazini ya Pemba wasukao ukili, ule utepe unaoshonwa ukawa mkeka, mimi nikiwa katibu wao. Hii ni barua yetu ya nne. Tatu za mwanzo zilikuwa za faragha. Ya kwanza tuliipitisha kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, kabla ya Ramadhani, kama utaratibu unavyotaka. Ya pili niliileta mwenyewe ofisini mwezi wa Mfunguo Mosi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Ya tatu nilimkabidhi afisa wenu mkononi siku ya kikao, mbele ya watu. Jibu la zote tatu lilikuwa moja: linafanyiwa kazi. Safari ya mwisho nilipokwenda kuuliza, kijana wa mapokezi akaniambia faili limekwenda Unguja. Basi faili limepanda boti, sisi tumebaki bandarini tunapunga mikono.

Ofisi sitaitaja kwa jina, wala mfadhili, kwani sikukusudia kumvunjia mtu heshima. Mnajijua, na sisi mnatujua. Majina yetu 31 mnayo katika daftari la mahudhurio pamoja na saini, na kwa wale wasioandika mnazo alama za vidole gumba.

Kabla ya lawama, haki yenu tuwape. Mradi haukuwa mbaya wote. Ule ukuta wa nyuma ya skuli waliouchora vijana wenyewe, wa mavuno ya karafuu, hapiti mtu asiyesimama kuutazama. Mchumaji yuko juu ya mti, kina mama wamekaa chini wanachambua, makonyo huku, karafuu huku, na majamvi yametandazwa uwanjani yanasubiri jua. Mtoto mmoja amechora hadi kuku anayefukuzwa juu ya jamvi. Hakuna mtaalamu aliyewaelekeza hayo, wanayaona kila msimu majumbani kwao. Na ile siku ya ngoma, Msewe na Kibati uwanja mmoja, walitoka wazee ambao siku hizi tunawaona msikitini tu na kwenye maziko. Kwa hayo, ahsanteni.

Kinachotuuma ni kwamba mradi ulioitwa wa kuenzi kazi za mikono umechukua kazi, ukaiacha mikono. Naeleza moja moja.

1. Ukuta wa sokoni

Mlimleta msanii kutoka nje ya kisiwa. Akapaka siku nne, akalipwa, akaondoka. Alichotuachia ni twiga wawili, simba, mlima wenye theluji na Mmasai aliyesimama kwa mguu mmoja. Watoto wanampenda yule simba, sisemi uongo. Lakini juu ya picha hiyo mmeandika kwa herufi kubwa "URITHI WETU", na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: wetu nani?

Mheshimiwa, Pemba hatuna twiga. Tuna popo. Popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye manyoya mekundu, hapatikani pengine popote duniani. Aliwindwa hadi akakaribia kwisha, kisha watu wa Kidike na vijiji vingine wakaamua kumlinda, na leo wageni wanapanda gari kutoka Chake Chake kwenda kumtazama amening'inia mtini mchana kutwa. Tuna Msitu wa Ngezi. Tuna magofu ya Mkamandume kule Pujini na ya Ras Mkumbuu, tuna mchezo wa ng'ombe. Kule Mtambwe Mkuu mwaka 1984 watafiti walifukua sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, zenye majina ya watawala walioishi mwambao huu karne nyingi kabla Mreno hajatia nanga. Msanii aliyekuja kisiwa hiki akakosa cha kuchora, basi hakuuliza mtu.

Ugomvi na mtindo wenyewe sina. Edward Saidi Tingatinga aliuanza Dar es Salaam katika mwaka 1968, na vijana wengi wamejengea nyumba kwa mtindo ule baada yake. Lakini kila duka la Mji Mkongwe lina twiga wake tayari. Soko letu halikumhitaji wa ziada.

Cha kuudhi zaidi kiko pembeni kabisa mwa ukuta, karibu na bomba la maji. Pale amechorwa mwanamke amekaa, mkeka mzima uko mapajani, anausuka kutokea katikati kama mtu anayefuma kitambaa. Mkubwa wetu wa kikundi alipouona alicheka hadi akakaa chini. Halafu akauliza, "Huyu anasuka, au anatafuta chawa?"

Kwa faida ya msanii na ya kamati iliyompitishia mchoro: mkeka hausukwi mzima mzima. Hukatwa kilele cha mkindu, mti wa jamii ya mtende, kikiwa kichanga kabla hakijafunguka, kikaanikwa juani hadi kikawa cheupe, kikachanwa chane. Chane za rangi huchemshwa sufuriani. Zamani nyeusi ilitoka kwenye mizizi ya mdaa, siku hizi tunanunua rangi ya unga dukani. Hapo ndipo mtu anapoanza ukili: utepe mwembamba, chane hii juu, hii chini, unarefuka pima kwa pima, huku msukaji anachunga chungu jikoni, huku anamsikiliza mtoto juzuu yake. Anaweza kusuka gizani, vidole vinaona. Ukili ukitimia, ndipo kazi ya pili inapoanza, ya kuushona ukingo kwa ukingo, unazungushwa unarudi, mpaka maua yakutane. Ukikosea hesabu ya chane mwanzo, maua hayatakutana mwisho, na hakuna dawa ila kufumua. Hili kila mtoto wa Pemba analijua kwa kuliona. Kamati ya watu tisa ililipitisha lile jambo pale ukutani, na hakuna aliyeguna.

2. Mikeka 14 na makawa 20

Mlikuja kijijini mkasema kuna maonyesho makubwa Unguja, kazi zetu zitakwenda, zitauzwa, na zisizouzwa zitarudi. Tukakusanya mikeka 14 na makawa 20, vile vifuniko vya chakula. Bei tulikubaliana mbele ya sheha: mkeka shilingi 45,000, kawa shilingi 6,000. Jumla shilingi 750,000. Mkatoa 100,000 ya kutangulia. Zilizobaki ni 650,000, na hadi leo hatujaona shilingi wala hatujaona mkeka.

Kwa anayeketi ofisini labda 650,000 ni posho ya safari moja. Kwetu ni rangi, ni nauli, ni sare za skuli za watoto. Mkeka wa maua hunichukua karibu mwezi, kwa sababu nasuka baada ya shamba na kabla ya usingizi. Igawe 45,000 kwa siku hizo, Mheshimiwa, utaona mwenyewe tulishatoa punguzo kubwa kabla ya mtu kutuomba.

Tumefunzwa tangu udogo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumecheza kwetu, tukatunzwa soda moja moja, na chupa tukadaiwa.

Mbali na mikeka hiyo 14, ulikwenda mmoja ambao si wa kuuzwa. Huo nitauzungumzia mwisho.

3. Majina yetu

Mpwa wangu aliyekwenda yale maonyesho alinipigia picha. Chini ya kila kitu palikuwa na kikaratasi: "Kazi ya mikono, Pemba." Basi. Pembeni, kwenye bango, limeandikwa jina la mpiga picha, jina la aliyepanga ukumbi, jina la aliyebuni nembo ya mradi. Nembo yenyewe ni maua ya ukili wa mwenzetu mmoja, kila mtu kijijini anayajua kuwa ni yake, aliyapata kwa mama yake akayaongezea safu moja nyekundu. Sasa yako kwenye fulana, yako kwenye mikoba, yako kwenye kikombe alichonywea chai afisa wenu siku niliyoleta barua ya pili. Nilikuwa namweleza shida, maua ya jirani yangu yananitazama juu ya meza.

Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, ndiyo iliyozaa COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar. Wanamuziki wameanza kuijua. Wasukaji hatujawahi kuelezwa kama inatuhusu, na kama haituhusu, kwa nini. Mwaka huohuo wa 2003 UNESCO ilipitisha mkataba wa kulinda urithi usioshikika, yaani ngoma, ufundi, maarifa, mambo yanayokaa ndani ya watu. Tanzania iliuridhia mwaka 2011. Kifungu cha 15 cha mkataba huo kinataka jamii, vikundi na watu wenye urithi washirikishwe kwa upana, hata katika usimamizi wake. Nimeusoma kwa msaada wa mwalimu wa skuli. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba kushirikishwa maana yake ni kupigwa picha.

4. Semina

Tuliitwa siku mbili kufundishwa "kuongeza thamani". Mkufunzi kijana mzuri, mwenye adabu, lakini hakuwahi kushika chane. Alituonyesha ukutani picha za mikoba ya nchi za mbali, akatuambia tupunguze rangi kwa sababu wageni wanapenda vitu "vya asili". Rangi ndiyo asili yetu, tukamwambia. Akaandika kwenye daftari lake, tukaenda kula wali.

Tulichokiomba sisi, na kimo katika muhtasari wa kikao cha kwanza, kilikuwa kinyume cha hicho: mabibi walipwe wafundishe wasichana. Katika sisi 31, waliozidi miaka sitini ni wengi, na wanaoweza kushona mkeka wa maua hadi maua yakakutana ni saba. Aliye mdogo katika hao saba ni mimi, na mimi nina wajukuu.

Hapa nitachelewa kidogo, mnisamehe. Miaka ya 2000 kaka yangu alinipeleka Unguja, tukaingia Beit el Ajaib, lile jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Ndani palikuwa na mtepe, chombo cha kale cha mwambao, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Haukuwa mtepe wa zamani. Uliundwa miaka hiyohiyo ya 2000 kwa kufuatisha mifano na kumbukumbu, kwa sababu mitepe yenyewe ilitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Watu walikuwa wanatazama mbao na kamba. Mimi nilitazama tanga. Tanga la mtepe, Mheshimiwa, lilikuwa la mkeka.

Sikuondoka pale haraka. Nilikuwa nawaza: alisuka mwanamke gani? Kwa ukili wa upana gani, usipasuke kwenye kusi? Alishona mshono mmoja au miwili? Mvua ikiunyea unakuwa mzito, walifanya nini? Hapakuwa na wa kumuuliza, ndani ya jumba lile wala nje yake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba lenyewe ikaporomoka. Majumba hutengenezwa upya, mafundi wapo na michoro ipo. Lakini hao wanawake wa tanga hawakuacha mchoro, mchoro ulikuwa vidoleni mwao. Ndiyo maana semina ya kuongeza thamani ilinikera kuliko nilivyoonyesha siku ile.

5. Ukindu

Mradi uliagiza vikoba 200 vya ukindu kwa wiki tatu vya kuwapa wageni wa uzinduzi. Vikundi vikagombania, na vijana wakatumwa mabondeni na mapanga. Mkindu hukatwa kilele kimoja kwa shina, ukaachwa upumue. Safari hii walikata kila kilichochomoza, na kuna mahali walikwangua hadi moyo. Bonde moja tunalolitegemea sasa lina mashina yaliyosimama kama vijiti. Mikindu mingine ilikuwa imeshapungua kwa kusafishwa mashamba ya mpunga. Mtu wa mazingira hakuitwa katika mradi wenu hata siku moja. Vikoba vyenyewe, nasikia, vingi viliachwa juu ya viti.

6. Kila kitu Unguja

Hili fupi. Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na tunajivunia pamoja nao. Lakini mradi ulioombewa fedha kwa jina la Pemba umefanya maonyesho Unguja, umechapisha kitabu cha picha Unguja, na hicho kitabu sisi tumekiona kwenye simu. Ngome ya Chake Chake ina makumbusho ndani yake. Ukumbi upo.

Sasa najua yatakayosemwa, kwa kuwa baadhi yake nimeshaambiwa.

Mtasema bajeti ilikwisha. Tulikuwepo uwanjani siku ya uzinduzi. Tuliona jukwaa, mahema, spika kubwa kama kabati, maji ya chupa na fulana za kila rangi. Sisemi visiwepo, mgeni lazima akae kivulini. Nasema fedha zilikuwepo za kukodi kiti cha plastiki cha kukalia mgeni, zikakosekana za kumlipa aliyesuka mkeka uliotandikwa mbele ya kiti hicho.

Mtasema hatuna namba ya mlipa kodi, hatuna akaunti ya benki, hatuna risiti za mashine, na taratibu za manunuzi haziruhusu. Mlipochukua mikeka hamkuuliza risiti. Shilingi 100,000 ya kutangulia mlitutumia kwa simu ya mweka hazina wetu, ikafika salama, wala haikukataa kwa sababu ya utaratibu. Na kama kusajiliwa ni lazima, tufundisheni kusajiliwa. Ile semina ya siku mbili ingetosha.

Mtasema tulishirikishwa, na mtatoa karatasi zenye saini zetu. Ni kweli tulitia saini. Tuliambiwa ni za nauli, shilingi 5,000 kila mmoja. Baadaye sana mwalimu alituonyesha kichwa cha ile karatasi: "Ushahidi wa ushirikishwaji wa jamii." Kwa kweli siku ile tulishirikishwa chai na maandazi, na yalikuwa mazuri.

Wengine watasema mfadhili ndiye aliyeamua. Huenda. Lakini mfadhili hamjui mkindu wala mdaa, hajui kama twiga yupo au hayupo, na kazi ya kumwambia ilikuwa yenu. Tungemwambia sisi, lakini siku aliyokuja tulipangiwa kucheza ngoma tu.

Na yupo mmoja, simtaji, aliyesema kwamba wanawake wa kijijini wakizoeshwa kulipwa watadai kila siku. Huyo simjibu. Namwachia mama yake.

Mheshimiwa, tunayoyaomba si mengi.

Tunaomba tulipwe shilingi 650,000 zilizobaki, kwa njia ileile ya simu, ndani ya siku 30 tangu barua hii kutoka. Ikiwa kuna mikeka au makawa ambayo hayakuuzwa, yarudishwe, nasi tutayatoa katika hesabu.

Ukuta wa sokoni upakwe upya. Rangi tu ndiyo tunayoiomba. Wale vijana wa ukuta wa karafuu wapewe kazi hiyo, walipwe kama alivyolipwa mgeni, na kabla ya kupaka waje wakae nasi siku mbili barazani. Yule simba wanaweza kumwacha pembeni kwa ajili ya watoto, hatuna roho mbaya.

Kila kazi itakayoonyeshwa iandikwe jina la aliyeifanya na kijiji chake, kama inavyoandikwa picha ya mchoraji. Kuhusu maua yaliyogeuzwa nembo, akaeni na mwenyewe, mbele ya mtu wa hakimiliki atakayetueleza sote sheria inasema nini, na mkubaliane atapata nini kwa kila fulana na kila mkoba unaouzwa. Asiambiwe ni heshima. Heshima anayo tayari.

Katika kamati ya mradi ujao, wasukaji wapate viti viwili, mafundi wa nakshi na waunda ngalawa wapate vyao, na wachaguliwe na vikundi vyenyewe. Msituchagulie.

Fedha za semina zigeuzwe malipo ya mabibi. Tumepiga hesabu: wasichana kumi, alasiri tatu kwa wiki, baada ya skuli na kabla ya magharibi, kwa mwaka mmoja, watatoka wakiwa wanashona. Mahali tunapo, ni ukumbi wa nyumba ya mmoja wetu. Tunachokosa ni ujira wa mwalimu na ukindu wa kujifunzia, kwa kuwa mwanafunzi huharibu mwingi.

Na kabla ya agizo lolote kubwa la vikoba, aitwe mtu wa misitu, atembee nasi bondeni aone. Tuko tayari kupanda miche ya mkindu kwa mikono yetu. Hilo hatuombi malipo.

Tukipata jibu la maandishi, hata la kukataa, tutalisoma kikaoni na kulijibu kwa adabu. Tukipata tena "linafanyiwa kazi", kikundi kimekubaliana kwamba hatutatoa kazi yoyote kwa maonyesho yoyote ya ofisi yenu, na tutawaeleza wenzetu wa wilaya nyingine kwa nini.

Limebaki lile la mkeka mmoja.

Mkubwa wetu, yule aliyecheka mbele ya ukuta, alikuwa na mkeka aliouweka akiba kwenye kasha kwa ajili ya siku yake. Aliusuka mwenyewe miaka mingi iliyopita, macho yake yakiwa bado mazima, ili watu wakija kumchukua wasihangaike kuazima. Afisa wenu aliuona umetolewa kuanikwa jua, akausifu, akaomba uende Unguja kwa kuonyeshwa tu, utarudi baada ya wiki. Bibi hakutaka. Mimi ndiye niliyemshawishi, kwa hiyo katika hili nami ni mkosa, na nalisema hadharani.

Kila nikipita kwake ananiuliza, "Mkeka wangu usharudi?" Namwambia bado. Ananijibu, "Basi waambie nnawangoja, nisife mwanzo."

Ni mkeka wa futi sita, maua meusi na mekundu, pindo la manjano. Pembe moja ina kiraka cha ukili mweupe mahali panya alipoula. Kama umetandikwa ofisini kwa mtu, au uko stoo chini ya mabango, tunaomba huo usisubiri siku 30. Uleteni kwa sheha, au nipigieni simu niufuate mwenyewe. Namba yangu mnayo.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa kikundi,
kwa niaba ya wasukaji 31,
Kaskazini Pemba

Nakala: Sheha wa shehia yetu; mwalimu aliyetusomea mkataba; wasukaji, mafundi na wasanii wote wa Unguja na Pemba.